Ng'ombe huyu alichomwa sindano lini?



Huku Kilwa kuna jambo linalotukera. Sindano za minyoo, zile ambazo dawa yake hudumu mwilini mwa ng'ombe kwa majuma au miezi, zinauzwa na kuchomwa ovyo. Kisha nyama inatufikia bila yeyote kujua mnyama alichomwa lini.

Sisi wa Kilwa Kisiwani nyama ya ng'ombe tunaifuata ng'ambo. Idi Kubwa iliyopita tulichanga watu saba, kama sheria ya dini inavyoturuhusu kwa ng'ombe mmoja, tukavuka kwenda kutafuta. Muuzaji alitusifia fahali wake kwamba amenona, manyoya yanang'aa, na juma lililopita tu kamchoma sindano ya minyoo. Kwake hiyo ilikuwa sifa. Niliomba chupa. Ilikuwa ya ivermektini ya asilimia 1, na maandishi yake ya Kiingereza kitupu yalisema mnyama asichinjwe mpaka zipite siku 28. Yule mfugaji hakukusudia kumdhuru mtu. Dukani alipewa chupa na bomba la sindano, basi. La kungoja hakuambiwa. Sisi tulimwacha fahali, wakamnunua wengine siku hiyohiyo.

Dawa yenyewe siilaumu. Satoshi Ōmura na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi iliyoizaa, na sisi watu wa pwani tumeimeza miaka mingi pamoja na albendazoli kwa ajili ya matende na mabusha. Lakini wagawa dawa wanapotujia, mtu husimamishwa kwanza kwenye fimbo ya kupimia urefu ndipo apewe idadi ya vidonge inayomfaa, na jina lake huandikwa. Ng'ombe hapimwi hata kwa kamba ya kifua. Kipimo cha kawaida cha chupa kama ile ni mililita 1 kwa kila kilo 50, chini ya ngozi, lakini mtu humtazama tu mnyama akakisia. Akipunguza, minyoo wenye nguvu hubaki hai na kuzaana, na kesho dawa haifui dafu.

Sisemi kwamba mtu ataanguka kwa kula mshikaki mmoja. Ila mabaki ya dawa hii hukaa sana kwenye ini na mafuta, na hayo ndiyo tunayoyagombea siku ya sikukuu. Zile chupa kali zaidi, zilizotengenezwa ili zidumu muda mrefu, nyingine hutaka mnyama asichinjwe kwa zaidi ya miezi mitatu. Brazili walipata fundisho: mwaka 2010 Marekani ilikuta mabaki ya ivermektini kwenye nyama yao ya makopo, biashara ikasimama, na mwaka 2014 serikali yao ikapiga marufuku kwa muda dawa za jamii hiyo zinazodumu. Mmarekani alipimiwa nyama yake. Na sisi walaji wa Kilwa tupimiwe. Maziwa nayo ni vivyo hivyo: sindano ya kawaida ya ivermektini haipaswi kuchomwa ng'ombe anayekamuliwa kwa ajili ya watu.

Jambo jingine linaniuma kwa ajili ya wafugaji wenyewe. Wanaaminishwa kwamba sindano moja inamaliza minyoo wote. Si kweli. Ivermektini peke yake haiui minyoo bapa wa maini, ambao ng'ombe huwapata kwenye malisho ya majimaji, na mabonde kama ya Matandu na Mavuji tunayajua yalivyo. Mtu hutoa fedha, huchoma, na ng'ombe huendelea kukonda.

Zamani Kilwa haikuwa nchi ya ng'ombe, ndorobo hawakuruhusu. Makundi makubwa yalikuja baada ya wafugaji kuondolewa bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007 na kuelekezwa mkoa wa Lindi. Ng'ombe walipokuja, mabwana mifugo wa kutosha na elimu ya dawa vilipaswa kuja nao.

Juni 2025 Rais Samia alizindua Bariadi kampeni ya chanjo na utambuzi wa mifugo, na ng'ombe wanavishwa heleni zenye namba. Namba hiyo itumike pia kwa sindano za minyoo. Anayechoma aandike kwenye kadi namba ya ng'ombe, jina la dawa, tarehe, na siku ambayo mnyama ataruhusiwa kuchinjwa. Mkaguzi aione kadi hiyo kabla ya kugonga muhuri kwenye nyama. Maduka nayo yalazimishwe kutoa maelezo kwa Kiswahili na kila chupa inayouzwa. Kadi inaweza kuchukua muda, lakini karatasi ya Kiswahili haihitaji bajeti wala semina, na wenye dhamana wanaweza kuiagiza kabla ya Idi Kubwa ijayo.

Msomaji,
Kilwa Kisiwani, Lindi