Injini Nayo Ina Pua

Katika baadhi ya mashamba yetu pikipiki ya magurudumu manne imekuwa kama punda wa kazi. Huvuta kitoroli cha majani ya ng'ombe, hubeba pampu ya dawa, na hufika penye ua ambapo gari haliwezi kupita. Lakini umezuka mtindo ambao mimi siupendi hata kidogo. Mwenye pikipiki akiona imechoka mlimani, huambiwa aondoe kifuniko cha sanduku la hewa, au alitoboe matundu, au alitupe kabisa chujio ambalo mafundi huliita eyaklina, ili injini ipate kupumua.

Mkulima mmoja alifika ofisini akijisifu kwamba amefanya hivyo, na pikipiki yake sasa inapanda kilima kama swala. Miezi michache baadaye alirudi kwa sauti ya chini. Injini ilikuwa ikila oili, ikitoa moshi wa buluu, na asubuhi haiwaki. Fedha alizoweka kwa ajili ya mbolea zilikwenda kununua pistoni na ringi.

Tusimcheke, kwa maana siku ile ya kwanza hakusema uongo. Injini yake ilipata nguvu kweli. Lakini ilizipata wapi? Lita moja ya petroli haiungui vizuri mpaka ipate hewa lita 9,000 hivi, yaani madebe 450 ya lita ishirini. Hewa yote hiyo hupita katika chujio. Likijaa vumbi, injini hukabwa koo. Basi nguvu aliyoipata kwa kulitupa chujio ilikuwa ni ile ile aliyoipoteza kwa kutolisafisha. Sabuni na maji vingalimrudishia bila hasara.

Vumbi la shambani lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha injini. Zikiingia ndani huchanganyika na oili, zikawa kama msasa unaosugua silinda mchana kutwa. Mwenyewe haoni neno mpaka moshi wa buluu utokee, na hapo amekwisha kuchelewa.

Wengine watasema, "Sisi tunakaa juu, hewa yetu ni nyepesi." Ni kweli. Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari, na hewa ya huko imepungua karibu sehemu moja kwa tano ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Lakini hata ukilitoboa sanduku mara mia, hewa ya Eldoret haitakuwa ya Mombasa. Ikiwa pikipiki ina kabureta na plagi yake ni nyeusi kwa masizi, petroli imezidi hewa. Mwambie fundi aweke jeti ndogo zaidi, yaani kile kijitundu cha shaba kinachopima petroli. Zile zinazopuliziwa petroli kwa kompyuta hujirekebisha zenyewe.

Tena kuna hatari ya upande wa pili. Ukiongeza hewa bila kuongeza petroli, moto huwa mkali kupita kiasi, plagi huwa nyeupe, na pistoni yaweza kuungua. Kwa hiyo anayetaka kweli kubadili njia ya hewa na aifanye kazi yote pamoja: chujio zuri, sanduku lisilopitisha vumbi, na jeti iliyopimwa na fundi anayeijua kazi. Plagi yenye rangi ya kahawia ndiyo dalili njema.

Ndugu mkulima, fanya hivi kwanza. Chujio la sponji lioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, wala si kwa petroli. Likamue bila kulisokota, lianike kivulini, kisha litie oili ya chujio na ulikamue tena. Chujio la karatasi usilioshe. Ligonge polepole, na likichakaa nunua jipya. Pitisha kidole ndani ya bomba lililo baada ya chujio. Ukikuta vumbi, tafuta ufa au kibano kilicholegea. Wakati wa kiangazi usingoje mwisho wa mwezi, bali litazame kila baada ya kazi ya vumbi. Weka chujio la pili nyumbani, ili moja likikauka jingine liwe kazini.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chujio ni kitu cha bei ndogo, na injini ni karo ya watoto na mbegu za mwaka ujao. Mimi naona haifai kuviuza hivyo kwa ajili ya kilima kimoja.