Mgeni na Apige Hodi

Watalii huletwa Mji wa Kale makundi madogo madogo, nasi wa Bondeni huwaona wakipita. Kwanza Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, kisha vichochoro na Msikiti wa Mandhry wa 1570. Hapo ndipo roho yangu huniuma: nguo fupi mbele ya msikiti, kamera usoni mwa mama anayekaanga viazi vya karai, wala ruhusa haikuombwa. Huko Japani mgeni huambiwa avue viatu kabla hajakanyaga mkeka wa mwenyeji, naye hutii bila kununa. Kwetu nani amwambie? Ngome iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2011, wenyeji je? Mwongoza watalii aliyezaliwa mitaa hii angejua pa kukohoa kabla ya kupita, na ujira ungelala papa hapa.