Kinanda Kisichokumbuka Kitu

Wapenzi wa sinthesaiza za zamani, zile za analogi, wana mazoea ya kuzipima kwa unene wa sauti na wingi wa noti. Kwa kipimo hicho husema ati Prophet-5 ya mwaka 1978 iliifuta Minimoog ya mwaka 1970 jukwaani, kwa kuwa ilitoa noti tano kwa pamoja na kuhifadhi sauti 40 katika kumbukumbu yake. Hukumu hiyo naipinga.

Sikatai kwamba kumbukumbu ilikuwa msaada. Mpigaji wa Minimoog akitaka sauti nyingine katikati ya onyesho hana budi kuzungusha vifundo kimoja kimoja, tena gizani, watu wakimsubiri. Na noti hutoka moja tu kwa wakati mmoja.

Lakini noti hiyo moja ndiyo hoja yangu. Zumari nalo hutoa moja, na sijasikia likidharauliwa arusini. Mkono wa kushoto, kwa kuwa hauna kazi nyingine, hukaa kwenye magurudumu mawili: moja hupinda noti, la pili huitetemesha. Msikilize Jan Hammer katika Mahavishnu Orchestra, miaka ya mwanzo ya 1970, akijibizana na gitaa la John McLaughlin hadi hujui nani ni nani. Prophet nayo ina magurudumu, naam. Ila mikono yote miwili ikishughulika na noti tano, nani atayagusa?

Nimestaafu ukuu wa chuo cha ualimu. Kule nilikuwa na wanachuo wenye maandalio ya somo mazuri ajabu, waliyoyasoma neno kwa neno huku watoto wakisinzia. Mpigaji anayebonyeza sauti namba 17 kisha akatulia ni ndugu yao.

Wapo watakaonitajia Yamaha CS-80, ambayo kidole kikikandamiza hubadili noti yake peke yake, na ambayo Vangelis aliitumia katika muziki wa filamu ya Blade Runner (1982). Kwa mguso inaishinda Minimoog, nakubali. Lakini uzito wake unazidi kilo 80! Aibebe nani kila usiku?

Husemwa pia kwamba osileta tatu za Minimoog huyumba zikipata joto. Ni kweli. Basi kiwashwe mapema kabla watu hawajaingia, kipate moto, ndipo kilinganishwe na vyombo vingine. Wapiga ngoma wetu huipasha ngoma moto kabla ya kuipiga, na hakuna anayewaambia waitupe.