Mwanamke Hanunui Rangi

Kuna imani iliyokita mizizi katika biashara ya vifaa vya elektroniki, kuanzia vyumba vya mikutano vya kampuni kubwa hadi maduka ya simu ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Inadai kwamba mwanamke anayenunua laptopu au simu hutazama kwanza rangi, kisha uzito, kisha kama inaingia kwenye mkoba, na yaliyobaki humwachia kaka, mume au fundi. Wanaoisema hawana nia mbaya. Huisema kwa tabasamu, kama jambo ambalo kila mtu analijua. Mimi nasema si kweli, na kwamba dharau iliyomo ndani yake ndiyo hasara yake ndogo. Hasara kubwa ni kwamba inampa mtengenezaji jibu jepesi mahali panapotaka kazi. Ukishaamini kuwa mahitaji ya mwanamke yanaishia kwenye gamba la nje, huna sababu ya kuyatafuta ndani ya mashine, na humo ndani ndimo mwanamke alimosahauliwa kwa muda mrefu.

Mei 2009 kampuni ya Dell ya Marekani ilifungua tovuti ya wanawake na kuiita Della. Ndani yake kulikuwa na kompyuta ndogo za rangi laini, na mawaidha ya nini cha kufanya nazo: kutafuta mapishi, kuhesabu kalori, kufuata mazoezi ya mwili. Mashine zenyewe zilikuwa za aina zilezile walizouziwa watu wote. Kilichobadilika ni namna mnunuzi alivyosemeshwa. Malalamiko yakamiminika, mengi kutoka kwa wanawake waliokuwa wakitumia kompyuta kazini kila siku, na baada ya wiki chache jina la Della likafutika. Ungedhani wenye biashara wangejifunza. Mwaka 2012 Fujitsu ya Japani ikatoa laptopu iitwayo Floral Kiss, yenye mfuniko uliobuniwa kufunguliwa na mtu mwenye kucha ndefu, na programu ya utabiri wa nyota ndani yake. Mwaka huohuo kampuni ya Eurostar ya Dubai, mji ambako wafanyabiashara wetu wengi hufuata mizigo ya elektroniki, ikatoa ePad Femme, kishikwambi cha inchi 8 chenye mandhari ya waridi na programu za yoga, mapishi na kupunguza uzito zikiwa zimepakiwa tayari, maana ilidhaniwa kuwa mwenyewe angepata tabu kuzipakua. Habari zake zilipoenea duniani mwaka 2013, zilienea kama kichekesho. Tena wazo hilo halikuzaliwa na kompyuta. Mwaka 1955 Dodge iliuza gari la waridi, La Femme, pamoja na mkoba wa kulingana nalo na kasha la rangi ya mdomo, na baada ya miaka miwili likasimamishwa kwa kukosa wanunuzi. Zaidi ya nusu karne iko kati ya gari lile na kishikwambi kile, na bado dhana haikuwa imesogea hata hatua moja.

Atatokea wa kusema kwamba rangi inauza, na hadanganyi. Motorola iliuza Razr ya waridi ikapendwa, na Apple ilipoongeza dhahabu ya waridi kwenye iPhone 6s mwaka 2015, watu waliigombania, wanaume wakiwemo. Lakini tazama simu hizo zilivyokuwa. Razr ya waridi ilikuwa Razr kamili, na iPhone ya dhahabu ya waridi ilikuwa na prosesa, kamera na betri sawa na ya kijivu. Mnunuzi alikwisha kuchagua mashine, halafu akachagua rangi. Huo ni uhuru ambao mtu yeyote anautaka, na mwanamume anayezunguka Kariakoo nzima akitafuta simu nyeusi tupu naye ananunua rangi, ila hakuna anayemwandikia ripoti ya soko juu ya tabia yake. Della na ePad Femme zilianzia mwisho. Ziliweka rangi mwanzo wa mazungumzo, kisha zikadhani mazungumzo yamekwisha.

Muuzaji wa dukani naye ana hoja yake, na haifai kupuuzwa kwa sababu yeye yupo pale kila siku. Atasema wanawake hawaulizi RAM wala prosesa, wanaume ndio wanaouliza. Tuchukulie hivyo ndivyo ilivyo. Mteja akisema anataka mashine ya kuandikia ripoti, kufanyia mikutano ya video na kuweka hesabu za duka, chaji ikae mpaka jioni kwa sababu umeme hauaminiki, huyo ametaja kila kitu ambacho muuzaji mwenye ujuzi anahitaji. Kutokana na maneno hayo unapata RAM ya GB 8, diski ya SSD na betri ambayo haijachoka. Kwa upande mwingine, mteja anayeingia akitaka Core i7 na kukataa nyingine zote anaweza kutoka na laptopu iliyotumika ya kizazi cha tatu, ya mwaka 2012, ambayo mara nyingi hushindwa na Core i5 ya kizazi cha nane ya mwaka 2017. Soko letu la mashine zilizotumika linaishi kwa wateja wa namna hii. Wanajua jina la namba bila kujua namba inafanya nini, na kwa kuwa wanatamka kwa sauti ya kujiamini, wanahesabiwa kuwa wataalamu. Anayeeleza kazi yake anahesabiwa kuwa hajui.

Nani anahesabiwa kuwa anajua, hilo nalo lina historia. Waliopanga programu za ENIAC, kompyuta ya kielektroniki ya jeshi la Marekani iliyozinduliwa mwaka 1946, walikuwa wanawake sita. Mwaka 1984 wanawake walikuwa karibu asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta nchini Marekani, kisha idadi ikaanza kushuka, katika miaka ileile ambayo kompyuta ya nyumbani ilitangazwa kama chombo cha kuchezea wavulana. Anayedai kuwa jambo hili limo katika maumbile atueleze yaliyotokea Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambako watafiti Jane Margolis na Allan Fisher walichunguza kwa nini wasichana hawaingii katika masomo ya kompyuta. Chuo kilipobadilisha namna ya kudahili na kufundisha, wanawake katika masomo hayo walipanda kutoka asilimia 7 ya wanaoanza mwaka 1995 hadi asilimia 42 mwaka 2000. Maumbile hayabadiliki kwa miaka mitano.

Hapa kuna kundi jingine linaloniunga mkono haraka mno. Hawa husema basi tuache mambo ya jinsia, tutengeneze kifaa cha wote, yaishe. Ningekubali kama kifaa cha wote kingekuwapo. Apple ilipotoa programu yake ya Afya mwaka 2014, mtu aliweza kuweka humo kumbukumbu za shinikizo la damu, kiwango cha pombe mwilini, hata kiasi cha madini ya kromi aliyokula. Hedhi haikuwamo, mpaka mwaka uliofuata. Haiwezekani kwamba kampuni ile haikuwahi kusikia habari za hedhi; ni kwamba waliokuwa wakitaja mambo muhimu ya mwili wa binadamu walikuwa na mwili fulani akilini. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo ya kuchambua nyuso ya kampuni tatu, na wakakuta mfumo mmoja ulikosea jinsia ya wanawake wenye ngozi nyeusi hadi asilimia 34.7, wakati kwa wanaume weupe kosa kubwa kabisa lilikuwa asilimia 0.8. Aprili 2021 Apple ikaanza kuuza AirTag, kidude cha kutafutia funguo zilizopotea. Haukupita muda wanawake wakaanza kuzikuta ndani ya mikoba na magari yao, zimefichwa na watu waliotaka kujua wanakokwenda. Mwanzoni AirTag iliyotengana na mwenyewe ilikaa siku 3 kabla ya kulia; baadaye muda ukapunguzwa kuwa kati ya saa 8 na 24. Mwenye simu ya Android, yaani watu wengi wa Afrika, alisubiri programu ya kuigundua hadi Desemba ya mwaka huo. Mwanamke yeyote ambaye amewahi kutembea akigeuza shingo kutazama nyuma angeuliza swali la siku 3 siku ya kwanza ya mradi. Mahitaji ya namna hii ndiyo yanayotofautisha wanunuzi kweli, na hayana rangi.

Ukubwa wa simu ni mfano mgumu zaidi, nao unaipinga hoja yangu kwa nusu. Mwaka 2013 Zeynep Tufekci, mwanasosholojia mzaliwa wa Uturuki, aliandika jinsi alivyoshindwa kupiga picha kwa mkono mmoja katika maandamano ya Gezi, Istanbul, kwa kuwa simu ilizidi kiganja chake. Tangu hapo simu zimezidi kukua. Apple ilijaribu kurudi nyuma kwa iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka uliofuata, zenye kioo cha inchi 5.4, zikauzwa kidogo, na mwaka 2022 haikutolewa mini mpya. Kumbe wenye viganja vidogo nao walikuwa wakinunua simu kubwa? Ndiyo, wengi, na wana sababu. Simu ndogo ilikuja na betri ndogo, na 12 mini ilijulikana kwa kuishiwa chaji mapema. Mtu ambaye simu ndiyo ofisi yake, duka lake na benki yake hawezi kubadilisha masaa ya chaji kwa raha ya kiganja. Aliyesoma mauzo hayo na kuhitimisha kuwa hakuna anayetaka simu inayoshikika amesoma nusu ya ukurasa.

Mafunzo mazuri zaidi yapo karibu nasi. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, wenye Tecno, itel na Infinix, ilijenga soko lake Afrika kwa kutazama watu wanavyoishi: laini zaidi ya moja kwa sababu kila mtandao una bei zake, betri ya kudumu, na kamera iliyorekebishwa ili ngozi nyeusi isigeuke kivuli. Hakuna hata kimoja kilichoitwa cha wanawake, lakini msusi anayetaka kupiga picha ya kazi yake amtumie mteja aliona tofauti mara moja. Kisha kuna M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007. Haikuwa na toleo la kina mama wala ua kwenye menyu, na ilitumika kwenye simu ya kitochi. Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science makadirio kwamba huduma hiyo iliziondoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini, nafuu ikiwa kubwa zaidi katika kaya zinazoongozwa na wanawake, na kwamba wanawake wapatao 185,000 walihama kutoka kilimo na kufanya biashara kuwa kazi yao kuu. Mwanamke alipata mahali pa kuweka hela pasipofunguliwa na kila mkono wa nyumbani, na njia ya kupokea msaada wa ndugu bila kupanda basi. Kama kuna utafiti wa soko unaojibu wanawake wanataka nini kutoka kwa teknolojia, ni huo, na jibu lake lilikuwa faragha, uhakika na gharama ndogo.

Pingamizi la mwisho ndilo zito, maana halitoki kwa wauza rangi. Linasema tunajadili chaguo la mwanamke wakati katika nyumba nyingi hachagui: simu hununuliwa na mume, au ni ile iliyopasuka kioo ambayo mume ameiacha baada ya kupata mpya. Takwimu zinalipa nguvu. Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ilisema wanawake wa nchi za kipato cha chini na cha kati walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 15 kuliko wanaume kutumia intaneti ya simu, na Afrika kusini mwa Sahara pengo lilikuwa asilimia 32. Sababu zinazotajwa mwaka baada ya mwaka ni bei ya kifaa, kusoma na kuandika, ujuzi wa kidijitali na hofu ya usalama. Anayeshika vikwazo hivyo mkononi na bado anaandaa tangazo la simu ya waridi hajali hata faida yake mwenyewe. Mkopo wa kulipa kidogo kidogo, kama ule ambao Safaricom na Google walianza Julai 2020 kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku, umegusa kikwazo cha bei. Lakini mkopo wa namna hii huangalia jinsi laini ilivyotumika, na mwanamke ambaye laini yake imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine hana historia ya kuonyesha, hata kama kila senti iliyopita humo ni jasho lake. Vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA vya Tanzania na vyama vya Kenya, vinadhamini wanachama wake kwa fedha kubwa kuliko bei ya simu, vina daftari la nani analipa na nani anachelewa, na wanachama wake wengi ni wanawake. Kampuni inayokopesha simu inaweza kuanza kwa kulisoma daftari hilo.