Mwenye Mtambo Awe na Amri Juu Yake

Majani ya chai ya Rungwe hayangoji. Katika kikaushio cha kiwanda, joto likizidi majani huungua. Likipungua, chai huvunda ghalani. Mota ya feni ipulizayo hewa hiyo, ikiongozwa kwa kompyuta, hudai mapigo ya umeme yasiyochelewa hata kwa sehemu ya elfu ya sekunde.

Linux ya kawaida, yenye shughuli nyingi kwa wakati mmoja, haiwezi kuahidi hilo. Ndiyo maana bodi ndogo kama BeagleBone Black, iliyotoka mwaka 2013, ina kichakataji kikuu pamoja na wasaidizi wawili waitwao PRU, kila mmoja akipiga hatua milioni 200 kwa sekunde bila kukatizwa.

Hata hivyo, msaidizi asiye na msimamizi ni hatari. Tangu toleo la 3.4 la mwaka 2012, kiini cha Linux kina utaratibu uitwao remoteproc. Kwa njia hiyo kiendeshi humpakia msaidizi programu yake, humwanzisha na humsimamisha. Neno “stop” likiandikwa katika faili moja tu, msaidizi husimama.

Utaratibu huo wote uko wazi kusomwa na yeyote. Anunuaye kisanduku kilichofungwa hununua pia kumngoja fundi wa ng'ambo, huku majani yakiharibika.

Hapana budi, basi, maofisa wanaoidhinisha ununuzi wa mitambo wadai programu zilizo wazi. Nao walimu wa ufundi, kuanzia Tukuyu hadi Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wawafundishe vijana kuandika viendeshi. Mtambo usioweza kuuamuru ungali mali ya aliyekuuzia.