Mteja Hana Kiti cha Enzi

Gauni lilitoka kwangu Ijumaa likiwa jipya, la kijani, lebo yake shingoni. Likarudi Jumatatu mchana kwa bodaboda, limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi. Nilipofungua mfuko nilipokewa na harufu ya marashi iliyochanganyika na jasho. Kwenye pindo palikuwa na doa la mafuta. Lebo ilikuwa imeshikizwa kwa uzi mweusi, na mimi hutumia pini ya plastiki.

Nilimwandikia mnunuzi kwa upole kwamba gauni hili limevaliwa. Akanijibu: "Dada, mimi ni mteja, na mteja ni mfalme. Nirudishie hela yangu na ya boda, la sivyo nakuanika Instagram." Nikamrudishia jioni ileile. Wenzangu niliowasimulia walisema nimefanya vyema, biashara ni uvumilivu na mteja hakosei. Sikubaliani nao. Nilifanya vibaya, na usemi huo ndio ulioniponza.

Wanaousema hawajawahi kuupigia hesabu. Gauni lile nililinunua Kariakoo kwa shilingi 38,000, nikaliuza 55,000. Faida yangu ilikuwa 17,000. Bodaboda kwenda Tegeta ni 5,000 na kurudi 5,000, na mwishowe zote nimezibeba mimi. Gauni lenye doa halizidi 25,000. Basi nimepoteza 13,000 kwenye gauni na 10,000 kwenye usafiri, jumla 23,000, na hapo makato ya kutuma pesa sijayaweka. Nikiuza magauni mengine mawili kwa faida ileile, nitakuwa nimehangaika na wateja watatu ili nibakiwe na shilingi 11,000. Mtu mmoja alivaa gauni usiku mmoja, wawili waliofuata ndio waliolilipia. Hao wawili hawakumkosea mtu.

Kauli ya kwamba mteja hakosei haikuzaliwa Kariakoo. Inahusishwa na wenye maduka makubwa kama Marshall Field wa Chicago, na Harry Gordon Selfridge, Mmarekani aliyefungua duka lake London mwaka 1909. Mwenye hoteli César Ritz naye hutajwa. Hao walikuwa na majengo ya ghorofa yaliyojaa bidhaa. Doa kwenye gauni moja lilizama katika mauzo ya siku na hakuna aliyelala njaa. Kwao kauli hiyo ilikuwa maagizo kwa wafanyakazi wa kaunta, wasibishane na wanunuzi. Tajiri aliamua mwenyewe kuibeba hasara, kwa hesabu zake. Sisi tumeichukua hiari ya tajiri tukamfanyia sharti mama mwenye magauni kumi na mawili sebuleni kwake Mbagala.

Na hata matajiri wenyewe wameanza kuitupa. Mwaka 2019 kampuni ya nguo ya ASOS iliwatangazia wateja wake kwamba akaunti zenye mwenendo wa kutia shaka katika kurudisha nguo zitachunguzwa na zinaweza kufungwa. Mwaka 2022 Zara ilianza kuwatoza wateja wa Uingereza pauni 1.95 wanaporudisha nguo kwa kuituma badala ya kuipeleka dukani. Marekani, chama cha wauzaji wa rejareja, NRF, kilikadiria kuwa mwaka 2023, katika kila dola 100 za bidhaa zilizorudishwa, dola 13.70 zilikuwa za udanganyifu. Wenye mabohari, kamera na wanasheria wanalia. Mwenye simu moja na kifurushi cha wiki anaambiwa avumilie.

Najua jibu linalokuja, na ni la haki: wauzaji wa mtandaoni wenyewe ni matapeli. Wengi, ndiyo. Picha ni ya hariri, mzigo unaofika ni wa nailoni. Viatu namba 39 vinakuja 37, simu "mpya kwenye boksi" inawaka kwa lugha usiyoijua na betri inakufa adhuhuri. Mtu wa Songea aliyelipa kwanza, akausubiri mzigo wake siku mbili kwenye basi kutoka Mbezi, ana kila sababu ya kukasirika anapokuta takataka. Simtetei muuzaji wa namna hiyo, ananiharibia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Lakini hebu jiulizeni usemi wa mfalme umewahi kumsaidia nini mtu yule wa Songea. Tapeli hamtambui mfalme. Akishapokea hela anakubloki, anabadilisha jina la ukurasa, anaendelea. Anayetetemeka kwa kuambiwa "nakuanika" ni yule anayetumia jina lake na namba yake ileile kwa miaka mitano, anayetaka urudi tena mwezi ujao. Usemi huu unamfunga mwaminifu peke yake. Aliyetapeliwa haumpi kitu, na mnunuzi mdanganyifu unampa rungu. Ndiyo maana naukataa, si kwa sababu ya gauni moja.

Mnunuzi ana haki, na haki ina nguvu kuliko ufalme kwa sababu inathibitika. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, na ndugu yake ya Kenya, Sura ya 31, zote zina mizizi katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Zinadai bidhaa ifanane na maelezo iliyouzwa kwayo, na mnunuzi apewe nafasi ya kuikagua. Muuzaji aliyeonyesha hariri akatuma nailoni ameshavunja sheria, na mnunuzi hahitaji taji kichwani ili kumdai. Ila sheria hizohizo zinasema kwamba aliyeletewa bidhaa, kisha akaifanyia jambo lisilopatana na umiliki wa muuzaji, amekwisha kuikubali. Kuvaa gauni kwenye sendofu ni jambo la mwenye gauni. Kulirudisha Jumatatu kama la mtu mwingine ni uongo.

Ulaya, ambako wengi wetu tunadhani mnunuzi ana uhuru wote, anayenunua mtandaoni hupewa siku 14 za kughairi bila kutoa sababu. Ni haki pana na ninaiheshimu. Lakini kanuni hiyohiyo inaeleza kwamba akiitumia bidhaa kupita kiasi kinachohitajika kuikagua, thamani iliyopungua ni juu yake. Kujaribu gauni mbele ya kioo ni kukagua. Kucheza nalo ukumbini hadi saa nane usiku ni kulivaa.

Na hapa pwani jambo hili si geni. Fiqhi inampa mnunuzi hiari ya kurudisha mali akikuta kasoro ya tangu kwa muuzaji. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi kwenye mwambao wetu, wanaongeza kuwa kasoro mpya ikizuka mikononi mwa mnunuzi, hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee mali. Wanazuoni hao waliyapima haya karne nyingi kabla ya Instagram.

Wenzangu wanaouza simu wana kidonda kikubwa zaidi. Mnunuzi anasema kioo kina tatizo. Boksi linarudi ni lilelile, chaja ni ileile, ila simu iliyomo ni nyingine, ya zamani, ya rangi ileile. Asiyebonyeza *#06# na kulinganisha namba ya IMEI na ile ya boksi anarudisha hela kwa simu ambayo hajawahi kuiuza. Kuna kinyume chake pia: simu ni yenyewe, chaja imebadilishwa. Wizi wa namna hii hauhitaji kuvunja mlango, unahitaji tu muuzaji anayeona haya kukagua mbele ya mteja, kwa kuwa ameambiwa mfalme hakaguliwi.

Matunda ya udanganyifu huu tunayala sote. Angalieni risiti na kuta za maduka: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Sentensi hiyo ni dhuluma, na naisema hivyo nikiwa muuzaji. Inamfungia mlango msichana aliyepewa kiatu kilichochanika soli ndani ya boksi. Wauzaji wengi wanaoibandika hawakuanza na roho mbaya, waliumwa mara tatu au nne wakaamua kutomwamini yeyote. Mdanganyifu anarudisha gauni lake Jumatatu, Jumanne mlango unafungwa, na mwenye haki ndiye anayeugonga bure.

Sasa mimi nafanya hivi. Kabla mtu hajalipa namtumia masharti kwa Kiswahili chepesi: ndani ya saa 24, lebo na pini mahali pake, bila harufu, bila doa. Pini naiweka kifuani, mahali ambapo huwezi kutoka nayo nyumbani. Ninapofunga mzigo narekodi video fupi inayoonyesha nguo mbele na nyuma, kisha namba ya oda. Kwa Dar es Salaam, bodaboda anasubiri dakika kumi mteja ajaribu, na gharama ya kusubiri naiingiza kwenye bei waziwazi. Kosa likiwa langu, hela inarudi siku hiyohiyo na boda ya kwenda na kurudi ni juu yangu, bila mjadala. Kosa lisipokuwa langu, sirudishi, hata nikianikwa.

Nimeshatishiwa mara mbili tangu nianze. Mmoja alitekeleza, akaweka skrinishoti za mazungumzo yetu. Nikaweka video ya kufunga mzigo chini yake. Yeye akafuta.

Wewe unayenunua, rekodi unapofungua mzigo wako. Ukiwa na video ya kiatu kilichochanika, huna haja ya kumtisha mtu, na muuzaji anayekataa kuitazama mshtaki kwenye Tume ya Ushindani. Nawe unayeuza, mwombe radhi uliyemkosea na umlipe. Aliyevaa akarudisha, mwambie amevaa.

Gauni la kijani bado lipo. Doa limefifia halijatoka. Nimelipiga picha pindoni, karibu kabisa, na maelezo yake yanasema: limeshavaliwa mara moja, lina doa, shilingi 25,000.