Mchezo ulio ndani ya ‘APT.’

Mzazi, kama una kijana wa sekondari, huenda ubishi huu umeshafika sebuleni: kati ya ‘APT.’ ya Rosé na ‘Die With A Smile’ ya Lady Gaga, upi ni mkali zaidi? Bruno Mars ameshirikishwa kwenye zote mbili, hivyo mashabiki wake hawana cha kupoteza. Wa Gaga wanataja Grammy ya Februari 2025. Wa Rosé wanajibu kwa tuzo ya MTV ya wimbo wa mwaka, Septemba 2025.

Mimi nampa Rosé, kile kiitikio kinanasa mno! Ila ujue kimetoka wapi. ‘Apateu’, yaani ghorofa, ni mchezo wa unywaji wa Korea Kusini. Wachezaji hupandanisha viganja, mmoja hutaja namba, kisha viganja huchomolewa kimoja kimoja kutoka chini na kurudishwa juu huku wakihesabu. Namba ikikuangukia, unakunywa.

Shida iko hapo: anayeamua unywe kiasi gani si wewe, ni namba, na wenzako wanakutazama. Ubongo wa kijana huendelea kukomaa hadi miaka ya 20 na kitu, na pombe huathiri kumbukumbu na maamuzi.

Usimzimie muziki. Muulize, “Ukiwa kwa rafiki zako namba ikakuangukia, utawaambiaje?” Mwache atafute maneno yake mwenyewe. Halafu chezeni wote; atakayeangukiwa aoshe vyombo.